Kutolia Si Kupona: Hotuba Kuhusu Sonona na Moyo Uliokufa Ganzi

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, ndugu mliowasindikiza wagonjwa, na ninyi wenyewe mnaotumia dawa ambao leo mmeamua kukaa mstari wa mbele badala ya kujibanza nyuma: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wengine wote habari za asubuhi.

Kuna kauli inayosikika kliniki kila wiki, na ndugu huisema kwa nia njema kabisa: "Daktari, siku hizi afadhali, halii tena." Mgonjwa amekaa pembeni, mikono mapajani, macho kwenye kona ya meza. Anaulizwa, "Unajisikiaje?" Anajibu, "Kawaida." Kwenye faili panaandikwa anaendelea vizuri, anapewa dawa za mwezi mwingine, wanaondoka. Leo ningependa tulizuie hilo neno "kawaida" pale mlangoni, tulikague kabla halijatoka.

Maana ukimweka dakika tano zaidi, majibu yanabadilika. Harusi ya mdogo wako ilikuwaje? Nilikwenda, nilivaa sare, nilicheza kwa kuwa wenzangu walicheza. Ulisikiaje moyoni? Sikusikia kitu. Na msiba wa shangazi? Nilipika, nikapokea wageni, nikarudi kulala. Sikusikia kitu. Pilau ina ladha? Inashibisha. Huyu halii kwa sababu hata kilio kinataka moyo unaohisi. Amehama chumba tu. Nyumba ya ugonjwa ni ileile.

Tuweke majina sawa kwanza. Ugonjwa wenyewe Tanzania tunauita sonona, kutokana na kusononeka. Kenya utasikia zaidi unyogovu. Msongo wa mawazo ni kitu kingine: una chanzo unachoweza kukinyooshea kidole, ada ya shule, kesi, mkopo, na chanzo kikiondoka nao hulegea. Sonona inaweza kubaki hata deni likilipwa. Ama hali ya kutohisi chochote, hatuna jina moja lililozoeleka, lakini wagonjwa wametutengenezea mengi: "nipo kama sipo", "naishi kwa mazoea", "kama natazama maisha ya mtu mwingine kwenye televisheni". Wengi husema moyo umekufa ganzi, na ganzi ndilo neno nitakalotumia.

Watu wengi hawajui kwamba ganzi inaweza kushika nafasi ya huzuni, mtu akahesabiwa ana sonona bila huzuni yoyote. Kanuni ya utambuzi inataka dalili tano au zaidi, zikae wiki mbili mfululizo karibu kila siku, na mojawapo iwe ama huzuni ama kupoteza hamu na raha ya mambo. Ama hii, ama ile. Kwa hiyo mtu anayesema "sina huzuni, sina chochote tu", huku halali, hali chakula vizuri, amechoka tangu asubuhi na akili haishiki kitu, asiambiwe hana shida kwa kuwa hana machozi.

Kipimo tunachotumia sana ni dodoso la maswali tisa linalojulikana kama PHQ-9. Lipo kwa Kiswahili, linajazwa kwa dakika tano. Kila swali linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: sifuri ni hapana kabisa, moja ni siku kadhaa, mbili ni zaidi ya nusu ya siku hizo, tatu ni karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Kuanzia 5 ni sonona hafifu, 10 ya wastani, 15 inaelekea kuwa kali, 20 ni kali. Tatizo ni jinsi tunavyolisoma: tunakimbilia jumla. Mgonjwa alianza na 17, baada ya miezi miwili ana 8, kila mtu anapongezana. Sasa rudi uangalie mstari kwa mstari. Usingizi umetoka 3 hadi 1, chakula kimetoka 2 hadi 0, huzuni imetoka 3 hadi 0. Swali la kwanza kabisa, lile linalouliza kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, lilikuwa 3 na bado ni 3. Huyo ana nafuu lakini hajapona, na dalili zinazobaki namna hiyo ndizo zinazomrudisha mtu kliniki mwaka unaofuata. Jumla chini ya 5 ndiyo tunayoifukuzia, na hata hapo swali la kwanza lisibaki limesimama peke yake kama nguzo ya nyumba iliyobomolewa.

Swali la tisa linauliza kuhusu kuwaza kufa au kujidhuru. Nitalirudia mbele.

Sasa, ganzi hutoka wapi? Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize sana, kwa sababu matibabu yanategemea jibu. Ganzi ina tarehe. Swali la kumuuliza mgonjwa, au kujiuliza mwenyewe, ni fupi: ilianza lini, kabla ya kidonge au baada ya kidonge?

Kama ilikuwepo kabla ya dawa, kwa kawaida ni ugonjwa wenyewe, na dawa bado haijamaliza kazi au dozi haitoshi. Lakini usikubali jibu hilo kabla ya kuangalia mwili. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu humfanya mtu awe mzito, asikie baridi, anenepe, apoteze hamu ya kila kitu. Kipimo chake ni cha damu na kinaitwa TSH. Upungufu wa damu hufanana na sonona kiasi cha kudanganya, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metfomini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo hugusa akili na hisia. Virusi vya Ukimwi vyenyewe, na dawa ya zamani ya efavirenzi kwa ambao bado wako nayo, vyaweza kuleta sonona na ndoto za kutisha. Dawa za jamii ya stiroidi nazo hubadilisha hali ya moyo. Na aliyepitia ukatili, ajali au vita anaweza kufa ganzi kwa sababu akili imezima taa ili asiungue. Huyo anahitaji matibabu ya kiwewe, si kuongezewa vidonge tu.

Kuna ganzi ya chupa. Anayekunywa kila jioni "ili nilale" anatumia kitu kinachopoza hisia na kuharibu usingizi wa usiku wa manane; akiacha kwa wiki tatu nne, mara nyingi picha hubadilika hata kabla ya dawa nyingine. Mnywaji mkubwa wa kila siku asiache ghafla nyumbani: kutetemeka na degedege la kuacha pombe huua, aje tumsaidie. Na kuna ganzi ya diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza, inayonunuliwa duka la dawa bila cheti, kidonge kimoja kila usiku kwa miezi. Mwili huzoea ndani ya wiki chache, na kinachonunuliwa kila siku ni hiyohiyo ganzi.

Ikiwa ilianza baada ya kidonge, au iliongezeka dozi ilipopandishwa, basi tushuku dawa. Kundi la dawa za sonona ambamo fluoksetini imo linaweza kubana hisia pande zote: huzuni inapungua, na raha nayo inapungua, pamoja na machozi, hasira, hamu ya tendo la ndoa. Si jambo adimu. Katika uchunguzi wa mwaka 2017 uliohoji watu wanaotumia dawa za sonona, karibu nusu walisema wanahisi kupoa kwa hisia kwa kiwango fulani. Dalili ya kumtambua: usingizi umerudi, kula kumerudi, kazi anafanya, ila kila kitu kina rangi ya kijivu, na pengine ndoa nayo imeanza kulalamika. Hilo la ndoa wagonjwa hawalisemi mbele ya shemeji aliyewasindikiza, kwa hiyo ndugu, mkiombwa mtoke nje kidogo, tokeni.

Lisilofaa ni kuitupa dawa. Linalofaa ni kurudi kwa aliyeiandika na kusema maneno haya: "Nimepata nafuu lakini sihisi kitu, na ilianza wiki fulani." Hatua za kawaida ni tatu. Kushusha dozi, kwa mfano kutoka miligramu 40 hadi 20, kisha kusubiri wiki kadhaa, maana fluoksetini hutoka mwilini polepole sana. Ikishindikana, kubadilisha hadi dawa ya kundi lingine, chini ya usimamizi. Ya tatu ni kuongeza nguvu ya tiba ya mazungumzo na ya vitendo ili dawa isiachiwe mzigo wote. Kosa ninaloliogopa ni kuongeza dozi kwa mtu ambaye dozi ndiyo iliyomzimisha. Na hilo hutokea palepale tunaposhindwa kuuliza tarehe.

Tuzungumzie dawa zenyewe, zile zinazopatikana kweli kwenye hospitali zetu za wilaya. Ni mbili hasa: fluoksetini na amitriptilini.

Fluoksetini huanza kwa miligramu 20, asubuhi, baada ya kula. Mzee anaweza kuanzia 10. Usiku inaweza kukunyima usingizi. Wiki ya kwanza na ya pili huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi kidogo. Faida huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na hatuhukumu dawa kabla ya wiki nne hadi sita. Mnaona hesabu ilivyo mbaya: maudhi huja kwanza, faida huja baadaye. Ndiyo maana wengi huacha siku ya kumi. Anayejua ratiba hii mapema huvumilia. Asiyejua husema dawa imemkataa.

Amitriptilini hunywewa usiku kwa sababu inalaza. Huanza na miligramu 25, halafu huongezwa 25 hadi 50 kila wiki mpaka 100 hadi 150 kwa siku. Hapa kuna kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote: mgonjwa yuko kwenye 25 kwa miezi minane. Miligramu 25 husaidia usingizi na maumivu ya neva. Kwa mtu mzima mwenye sonona, kwa kawaida hiyo ni hatua ya kwanza ya ngazi tu. Analala fofofo, anaamka na ganzi ileile, na sote tunasema amitriptilini haifanyi kazi. Haijapewa nafasi. Maudhi yake ni mdomo kukauka, choo kigumu, kizunguzungu unapoinuka kitandani. Keti ukingoni dakika moja kabla ya kusimama. Mwenye ugonjwa wa moyo asipewe bila kuchunguzwa, na mzee tumwonee huruma. Na ni hatari sana ikinywewa nyingi kwa pamoja, tutalifikia.

Dawa hizi mbili zisichanganywe kienyeji. Fluoksetini huzuia ini kuivunja amitriptilini, kwa hiyo dozi ndogo inageuka kubwa. Ukipewa moja hospitali hii na nyingine hospitali ile, onyesha zote mbili.

Halafu duka la dawa la mtaani. Anayetumia fluoksetini akinunua diklofenaki ya mgongo au aibuprofeni ya jino, anaongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Parasetamoli ni salama zaidi kwake. Tramadoli, dawa ya maumivu makali, ni hatari zaidi: ikikutana na fluoksetini yaweza kuleta homa, kutetemeka, mapigo ya kasi na kuchanganyikiwa. Mwambie muuzaji, "natumia fluoksetini", kabla hujataja kinachouma. Akikuangalia vibaya, mwache aangalie.

Kabla ya kidonge cha kwanza, kuna swali ambalo likisahaulika linagharimu: je, umewahi kuwa na wiki nzima ya kulala saa mbili tatu bila kuchoka, ukiongea sana, ukitumia fedha hovyo, ukiwa na mipango mikubwa kuliko kawaida yako? Ndugu ndio hujibu vizuri zaidi hapa. Jibu likiwa ndiyo, inawezekana sonona hii ni upande mmoja wa ugonjwa wenye pande mbili, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha mgonjwa upande wa pili.

Ukishapona, dawa inaendelea miezi 9 hadi 12. Najua ilivyo vigumu kumeza kidonge ukiwa mzima. Wakati wa kuacha ukifika, dozi hushushwa kidogokidogo kwa wiki nne au zaidi. Anayekata ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya, na hisia kama shoti ya umeme kichwani, hasa kwa dawa zinazotoka mwilini haraka. Namna ya kutofautisha hayo na ugonjwa kurudi: maudhi ya kuacha hufika ndani ya siku chache tangu dozi ipungue, sonona hurudi kwa kunyemelea, wiki hadi wiki.

Dawa zimetuchukulia muda, lakini kwa ganzi siziamini peke yake. Kinachofanya kazi kubwa ni tiba inayoanzia miguuni. Wataalamu huiita uamshaji wa tabia. Mimi nitaieleza kwa mfano.

Chukua mama mwenye genge la mbogamboga. Zamani alikuwa akiamka saa 10 alfajiri kwenda sokoni. Sasa genge lina kufuli wiki ya tatu, anakaa kitandani mpaka saa 6 mchana, dada yake anapika, watoto wanaambiwa wasimsumbue mama. Kila mtu anasema apumzike, arudi akipata hamu. Hamu haiji. Haiji kwa sababu katika sonona kinachoharibika mapema ni uwezo wa kutarajia raha, na mara nyingi huharibika zaidi ya raha yenyewe. Akili inatabiri "utakwenda na hutahisi kitu", na tukiusikiliza utabiri huo hatujui kamwe kama ulikuwa kweli.

Wiki ya kwanza hatumwambii afanye lolote jipya. Tunampa daftari la shule. Kila ukurasa ni siku, mstari mmoja kila saa moja au mbili: nilifanya nini, na alama mbili pembeni kutoka 0 hadi 10. R ni raha niliyopata. M ni kiasi nilichomudu, yaani jambo lilikuwa gumu na nimelifanya. Siku za mwanzo R zote ni sifuri, na ndugu wakiona wanavunjika moyo. Tusivunjike, tusome taratibu. Jumanne saa 10 jioni: "nimekaa na jirani, namenya vitunguu saumu", R 2, M 3. Jumatano: "nimeoga", R 1, M 5. Kati ya sifuri na mbili ndipo tunapoanzia. Kumbe kukaa na mtu huku mikono ikiwa na kazi kunasogeza kitu, na kulala na simu kuanzia saa 3 hadi saa 6 hakusogezi hata robo.

Wiki ya pili tunachagua jambo moja, tunalikata nusu, halafu tunaikata ile nusu. Hatuandiki "kufungua genge". Tunaandika: Jumatatu, saa 3 asubuhi, kutembea hadi gengeni na mdogo wangu, kufungua kufuli, kufagia, kufunga, kurudi. Hakuna kuuza. Jambo, saa, mahali, mtu. Kikikosekana kimoja, mpango huyeyuka. Kabla ya kutoka anaandika R anayoitabiri, mathalani 0. Akirudi anaandika R aliyoipata. Ikiwa 1, tumeukamata utabiri ukisema uongo, na baada ya mara kumi za namna hiyo huanza kuushuku mwenyewe bila sisi kumhubiria. Alhamisi anarudi na ndoo moja ya nyanya kwa saa moja. Wiki ya tatu, saa mbili. Hatuongezi kabla hatua ya chini haijafanyika mara tatu.

Ikishindikana, jambo lilikuwa kubwa mno. Kesho yake likatwe tena: mpaka mlangoni, kuvaa viatu, kurudi. Kosa la wagonjwa wenye bidii ni kusubiri siku nzuri na kufanya kila kitu siku hiyo, kufua, kwenda sokoni, kutembelea wakwe, kisha kuanguka siku nne. Mpango unafuata daftari siku nzuri na siku mbaya.

Ndugu wa nyumbani, kazi yenu hapa ni ngumu kuliko mnavyodhani. Msimpokonye kila sufuria kwa huruma. Mwachieni achambue mchele hata kama atachukua saa nzima. Msimwambie "jikaze", msimwambie "mbona fulani alifiwa na akasimama". Semeni, "Saa 3 imefika, twende hadi gengeni," kisha mvae viatu vyenu kwanza. Na msiulize "umefurahi?" Muulize aliona nini njiani.

Swali hilo lina kazi yake. Mtu mwenye ganzi huishi kichwani, na milango ya fahamu ndiyo njia ya kumtoa. Mara moja kwa siku, dakika tatu: ashike kikombe cha chai ya tangawizi, ataje joto lake mkononi, harufu, mkato wa kwanza kooni. Kitunguu kinapokaangwa, anuse kwa makusudi. Maji ya baridi usoni asubuhi. Mambo madogo kiasi cha kuchekesha, na vijana huyacheka, lakini hatutafuti furaha hapo. Tunajaribu nyaya kama bado zina umeme.

Na niwaonye kuhusu siku ganzi inapoanza kuachia. Mguu uliokufa ganzi ukirudiwa na damu huchoma kwanza. Mara nyingi hisia za mwanzo kurudi ni hasira au kilio, wala si furaha. Mama yule anaweza kulia gengeni wiki ya tano kwa sababu mteja amemuulizia afya. Familia hutaharuki: ugonjwa umerudi! Angalieni daftari. Kama R zinapanda, anatoka, analala, kilio hicho ni habari njema. Kama anarudi kitandani na kula kumekatika, leteni kliniki.

Mazungumzo nayo ni tiba, na wala hayahitaji daktari bingwa. Zimbabwe mwaka 2006, Profesa Dixon Chibanda alianza na bibi 14 kule Mbare, Harare, waliofunzwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona ugonjwa waliouhudumia huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na nadhani hapa hakuna wa kuhitaji tafsiri. Bibi anafungua mawazo ya mgonjwa, wanaorodhesha matatizo, wanachagua moja tu, wanapanga hatua ya kuanza kesho. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya 100, na kwa waliopata huduma ya kawaida kama 50 kati ya 100. Uganda, katika vijiji vya Rakai na Masaka, vikundi vya wiki 16, saa moja na nusu kila wiki, vikiongozwa na watu wa hukohuko, vilishusha sonona kwa kiwango kikubwa. Matokeo yalitoka 2003. Kwa hiyo asiwepo wa kuniambia hatuna wataalamu wa kutosha kisha akafunga mjadala. Mabenchi tunayo.

Upande wa mwili nitapita haraka. Kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili, kuna thamani kuliko kulala mapema. Chagua saa 12 asubuhi, toka nje upate mwanga, usirudi kitandani mchana zaidi ya dakika 20. Usingizi usipokuja usiku kwa kama dakika 20, inuka, keti kwenye kiti gizani, rudi ukisinzia. Kahawa na chai ya rangi ziishie saa 8 mchana. Mirungi inakukopesha uchangamfu na kudai riba usiku. Tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Chakula: Australia walifanya jaribio la wiki 12 kwa watu 67 wenye sonona, matokeo yakatoka 2017, na karibu theluthi moja ya walioboreshewa mlo walitoka kwenye sonona, dhidi ya 8 kati ya 100 wa kundi lingine. Jaribio dogo, sitalitangaza kama muujiza. Ila dagaa, maharage, mchicha na matunda ya msimu tunavyo, na soda tunaweza kuipunguza.

Kuhusu sala: endeleeni. Kwaya, darsa, jumuiya ndogondogo ni mahali pa kukutana na watu, na tumeona kukutana kulivyo na uzito kwenye daftari. Mawili tu. Asiambiwe mtu aache dawa ili aonyeshe imani. Na mikesha ya usiku kucha isimhusu mwenye ule ugonjwa wa pande mbili. Kukosa usingizi peke yake kwaweza kumwasha.

Sasa swali la tisa. Mtu mwenye ganzi anaweza kuwaza kufa bila kulia, kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga safari. Ulizeni waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi mbegu, kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, ulizeni kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Dawa ya panya na viuatilifu vya shamba viondoke nyumbani siku hiyohiyo. Vidonge vya amitriptilini ashike ndugu, ampe vya siku chache tu kwa wakati, maana hata akiba ya wiki kadhaa inaweza kuua. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali yoyote iliyo karibu. Wiki za mwanzo za dawa ziangaliwe zaidi, hasa kwa vijana chini ya miaka 25: mawazo hayo yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa, na nguvu za mwili huweza kurudi kabla moyo haujachangamka. Na anayetulia ghafla, akaanza kugawa vitu vyake na kuaga, huyo ndiye wa kukesha naye.

Wengine huogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua kunakiuka katiba. Kwetu Tanzania bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na ni aibu kuwa hivyo. Lakini hofu hiyo isimzuie yeyote kuja. Aliyekunywa sumu anahitaji hospitali ndani ya dakika, mengine baadaye. Kwa walioko Kenya, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Na ule utani wa "huyu apelekwe Mirembe", tuupumzishe. Kwa sababu yake watu husubiri miaka wakiogopa jina la hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili kuliko ugonjwa, ilhali wengi wenye sonona hutibiwa wakitokea nyumbani na hawalazwi hata usiku mmoja.

Karatasi za maswali tisa ziko kwenye meza ile karibu na mlango, na madaftari yapo kwenye boksi chini yake. Mwenye kliniki wiki hii ajaze leo, aandike na tarehe ganzi ilipoanza, aje nazo. Kalamu ni za ofisi, tafadhali zirudisheni. Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na kina mama walioko kule pembeni.